Gari la Josefina Lilivyofungwa Pampu ya Umeme Kawangware

Niliondoka Kibera kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Kamati ya wakazi wa Nyayo Highrise, mahali ninapoishi, iliandika kwamba gari lolote lisilotembea liondolewe kabla ya mwezi kwisha, la sivyo litakokotwa na mwenyewe atajua pa kulitafuta. Magari yasiyotembea pale kwetu yalikuwa matatu. Moja lilikuwa langu.

Nyinyi wa nyumbani Kimilili mnalikumbuka gari hilo. Ni lile refu la rangi ya maziwa, lenye mlango mkubwa wa nyuma, ambalo lilikuwa likija Desemba limebeba vitanda na makabati juu ya keria. Nililinunua kwa mzee mmoja mpima ardhi ambaye nilimtengenezea milango ya nyumba yake alipokuwa akistaafu, na hata wakati huo lilikuwa gari la zamani. Mimi ni seremala, nilihitaji kitu cha kubebea kazi. Lakini pole pole likawa la mke wangu, Josefina. Yeye ndiye aliyelipenda. Jumamosi alilisafisha kwa kitambaa chake mwenyewe na hakuruhusu mtu mwingine aguse vioo.

Josefina alifariki miaka mitatu iliyopita, siku ambayo gari hilo lilizimika Ngong Road nikimkimbiza hospitalini. Tangu siku hiyo sikuliwasha. Nililifunika turubai nikawa napita kando yake kila asubuhi nikienda kazini Laini Saba. Mwaka huu mlipoona nimefika harusini huko nyumbani nikiliendesha, mliniuliza ilikuwaje, nikawajibu kwa mkato. Jibu lenyewe ni hili, hatua kwa hatua kama safari ilivyokwenda, ingawa ni safari ambayo mtu mwenye miguu mizuri angeimaliza kwa kutembea kabla ya chakula cha mchana.

Siku ile karatasi ilipobandikwa, binti yangu Nekesa aliisoma kabla yangu.

"Baba, wale wa vyuma vikuukuu hupita kila Alhamisi," akaniambia. "Wacha waichukue."

"Ni gari la mama yako."

"Mama hayuko ndani yake."

Alisema kweli, na hakusema kwa ubaya. Alhamisi mtu wa vyuma akaja. Akainua turubai, akazunguka mara moja, akagonga mlango kwa vifundo vya vidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Nikaona mkono wake juu ya kioo ambacho Josefina hakuruhusu kiguswe. Nikamwambia samahani, nimebadilisha nia. Akaniangalia vibaya, akaenda zake.

Mchana huo nilimpigia simu Kimani wa Kawangware. Kimani ndiye fundi aliyelitunza gari hilo kwa miaka yote. Nilikuwa sijaongea naye tangu mazishi.

"Nilidhani ulifuta namba yangu," akasema.

"Niliifuta. Lakini naijua kwa kichwa."

"Unataka nini, Fundi?"

"Nataka unifungie ile pampu ya umeme."

Miezi miwili kabla ya Josefina kufariki, Kimani alikuwa amenishauri kitu hicho hicho. Gari letu lilitoka kiwandani na pampu ya petroli iliyokaa ubavuni mwa injini, inayosukumwa na injini yenyewe. Jua likiwa kali na msongamano ukiwa mrefu, pampu ya namna hiyo hupata joto pamoja na injini, na petroli huanza kuchemka kabla ya kufika kwenye kabureta inayoilisha injini. Kimani alitaka kuiondoa na kufunga ya umeme huku nyuma, karibu na tangi, mbali na joto. Mimi nilikataa. Nilimwambia gari la zamani libaki lilivyozaliwa. Nilijivunia jambo hilo, nikiwaambia watu kila kitu chini ya boneti ni chake cha asili.

"Lete gari," Kimani akasema mwishowe.

"Haitembei."

"Nimesema uilete. Sijasema uiendeshe."

Jumanne, saa mbili asubuhi, nilikuwa Laini Saba kufunga karakana yangu. Iko hatua chache kutoka kwenye reli, na saa hizo njia imejaa watu waendao kazini na kina mama wanaopanga maandazi. Nilichukua kamba nene ninayofungia mbao, nikamngoja Owino. Owino ni jirani yangu pale, ana pikapu na ndiye huniletea mbao. Akafika, akashusha kioo.

"Niaje, mzee. Leo tunabeba nini?"

"Leo hatubebi. Tunavuta."

Nilipomwambia ni gari gani, akazima redio. Alikuwa mmoja wa waliochimba kaburi la Josefina, kule nyumbani. Tukaelekea Highrise.

Kuliondoa gari pale lilipokuwa ilikuwa kazi. Magurudumu yalikuwa yamelala chini. Tuliyajaza upepo kwa pampu ya mkono moja baada ya jingine, na breki zilikuwa zimeng'ang'ania kiasi kwamba majirani wanne walisaidia kusukuma kabla hazijaachia. Chini yake pakabaki mstatili wa saruji safi. Nilifungua mlango nikaketi. Harufu ilikuwa ya vumbi na ngozi kuukuu, hakuna zaidi, na nilishukuru kwamba hakuna zaidi.

Owino akafunga kamba. "Mzee, kazi yako ni usukani na breki tu. Nikiwasha indiketa, ujue naenda huko. Usiniingilie nyuma."

Saa tatu na nusu tulikuwa Mbagathi Way. Kama hujawahi kuvutwa, nikueleze. Unashika usukani wa gari lisilo na sauti. Unasikia magurudumu, unasikia kamba ikikaza na kulegea, unasikia mazungumzo ya watu walio kando ya barabara. Mtu mmoja aliyekuwa akiuza viatu alivua kofia tulipopita. Sijui alidhani ni nini. Labda alidhani ni msiba, kwa ule mwendo, na lile gari refu, na mimi nikiwa nimevaa koti la kanisani kwa sababu ambayo hata mimi siijui.

Tukaingia Ngong Road, tukapita maduka ya Adams. Mbele kidogo ya pale, upande wa pili wa barabara, ndipo gari lilipozimika. Siku ile tulikuwa tukitoka upande wa Dagoretti Corner kurudi mjini. Nilijua tungepita hapo, na nilikuwa nimejipanga kuangalia mgongo wa pikapu ya Owino bila kugeuza macho. Lakini magari yalisimama. Tukasimama pale pale, mkabala na mahali penyewe, dakika nne au tano. Kuna kibanda cha mawaridi na miche siku hizi. Mama mmoja alikuwa akimwagilia miche kwa mkebe uliotobolewa matundu. Nilimwangalia akimaliza safu nzima. Kisha kamba ikakaza.

Baada ya Dagoretti Corner tulishika Naivasha Road, na hapo nikaanza kutokwa jasho kwa sababu nyingine. Barabara hiyo inapita Riruta Satellite, na Satellite ndipo anapoishi Pamela, dada mkubwa wa Josefina. Ana duka dogo la unga na sabuni chini, anaishi juu. Siku Josefina alipougua tulikuwa kwake, kwenye maombi ya familia. Pamela ndiye aliyemshika mkono mpaka garini. Baada ya mazishi aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini mlichelewa hivyo?" Nikamjibu pampu iliharibika. Akasema sawa. Hatujaongea tena, isipokuwa salamu anazozipitisha kwa Nekesa.

Duka lilikuwa wazi. Nilimwona kwa pembe ya jicho akipima kitu kwenye mizani. Gari lisilo na sauti likampita, na hakuinua kichwa.

Tulifika Kawangware saa tano kasoro. Kimani amezaliwa pale pale. Ploti aliachiwa na baba yake, na mbele amejenga vyumba vya kupangisha, nyuma ameacha ua ambao ndio gereji yake. Wapangaji wake wengi ni watu wetu wa magharibi, na mmoja alinisalimu kwa Kibukusu kabla sijashuka. Kimani mwenyewe alikuwa amesimama langoni akijifuta mikono. Amezeeka. Nadhani na yeye alikuwa akifikiri hivyo hivyo.

"Siku mingi, Fundi," akasema.

"Siku mingi, Fundi."

Tangu zamani tunaitana hivyo, yeye wa vyuma, mimi wa mbao. Tulishikana mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaenda kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa.

Mke wake, Mama Njeri, alituletea chai na viazi vitamu, na kabla ya kumimina aliomba. Aliomba kwa Kikuyu, lakini nilisikia jina la Josefina likitamkwa. Owino alikunywa vikombe viwili, akaaga. Nekesa alinipigia kuuliza kama nimefika salama. Nikamwambia nimefika, na kwamba nitalala huku mpaka kazi iishe.

Siku hiyo ya kwanza hatukugusa injini. Kimani alilala chini ya gari akafungua tangi na kumwaga petroli iliyokaa miaka mitatu. Ilitoka na rangi ya chai ya rangi na ilinuka kama rangi ya kupaka mbao. Akaliosha tangi mara tatu. Mimi nilishika taa na kumpa spana. Tuliongea habari za watoto, za mvua, za bei ya vitu. Hatukuongea habari ya siku ile.

Jumatano, baada ya chai ya asubuhi, aling'oa ile pampu ya zamani. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, chenye mkono wa chuma unaoingia ndani ya injini. Aliiweka juu ya benchi, akaipangusa, akachovya mpira wake wa kuvutia petroli kwenye mkebe wa petroli safi.

"Acha tuone iliumwa nini," akasema.

Akasukuma ule mkono kwa kidole gumba. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu petroli ikaruka kutoka upande wa pili, mshale mwembamba wenye nguvu, ikapiga ukuta. Akasukuma tena, ikaruka tena. Akaacha, akaniangalia.

"Fundi, hii ni nzima."

"Haiwezekani."

"Shika mwenyewe."

Nilishika. Nilisukuma. Petroli ikaruka. Nilisukuma mpaka mkebe ukaisha.

"Siku ile," Kimani akauliza, sauti ikiwa chini, "ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Jua kali. Tulikuwa kwenye jam tangu Dagoretti Corner."

"Ilizimaje? Ghafla, ama ilikohoa kwanza?"

"Ilikohoa. Ikaenda kidogo. Ikazima."

Akatikisa kichwa taratibu. Akanionyesha mahali bomba la petroli linapopita karibu na bomba la moshi, kisha akaonyesha pale pampu ilipokuwa imekaa juu ya chuma cha injini. "Petroli ilichemka hapa. Ikawa mvuke. Pampu inavuta mvuke, haivuti mafuta. Hakukuwa na kitu kimeharibika. Ungeacha boneti wazi, ipoe nusu saa, ingewaka yenyewe."

Nilikaa juu ya tairi lililokuwa karibu. Siku ile nilikuwa nimefungua mpira, nikaupuliza kwa mdomo, nikaufunga. Nikafungua kabureta. Nikasafisha plagi moja kwa shati langu. Nilifanya kazi kwa bidii kuliko nilivyowahi kufanya maishani, na hakukuwa na kitu cha kutengeneza.

"Na ile ya umeme?" nikauliza. "Ungekuwa umenifungia ile uliyotaka?"

Kimani aliichukua pampu mkononi mwangu, akairudisha juu ya benchi. Angeweza kunipa jibu rahisi.

"Ningekudanganya nikisema haingesaidia," akasema. "Ile inasukuma kutoka nyuma, petroli ikiwa baridi. Labda mngefika. Hiyo kitu imenikula, Fundi. Najiuliza kwa nini sikukulazimisha. Mteja akisema hapana, mimi hufunga mdomo. Lakini wewe hukuwa mteja."

Nikamwambia kosa halikuwa lake. Akasema anajua, lakini kujua hakujamsaidia. Basi tukakaa wazee wawili kwenye ua ule, na Mama Njeri alipotoka na sahani za githeri alituangalia tu, akaweka sahani chini, akarudi ndani.

Mchana kazi ilianza, na nitaieleza kwa sababu najua Wafula na wenzake huko nyumbani, wapenda magari, watataka kuisikia. Kwanza Kimani alikata kipande cha bati nene, akakitoboa matundu mawili, akaziba nacho lile pengo lililoachwa na pampu ubavuni mwa injini, na gasketi katikati ili oili isivuje. Pampu ya umeme aliifunga chini ya gari, nyuma, chini kidogo ya usawa wa tangi. Pampu hizi, alisema, zinajua kusukuma kuliko kuvuta, kwa hiyo lazima petroli iteremke yenyewe mpaka kwake. Kabla yake akaweka chujio ili uchafu usiingie. Alichagua pampu ya nguvu ndogo. Zile za magari ya kisasa zina nguvu nyingi mno, na kabureta ya zamani ingefurika na petroli ikamwagika juu ya injini ya moto.

Bomba jipya alilipitisha upande wa pili wa gari, mbali kabisa na bomba la moshi. Kisha waya, fyuzi, na swichi ndogo ambayo hukata umeme wa pampu injini ikizima au gari likigongwa. Hiyo swichi aliifunga kwa uangalifu kuliko vyote. "Bila hii," alisema, "gari imepinduka, injini imezima, na pampu bado inamwaga petroli. Watu wanaiacha kwa sababu wana haraka. Mimi siachi."

Saa kumi na moja jioni akaniita niketi kwenye usukani. Betri ilikuwa mpya. Nilizungusha ufunguo hatua ya kwanza tu, na kutoka nyuma nikasikia mlio mdogo wa tik-tik-tik wa haraka, ukawa unapungua kasi kabureta ilipokuwa ikijaa.

"Sasa washa."

Iliwaka mara ya tatu. Moshi ulijaa ua mzima, wapangaji wakatoka vyumbani, mtoto mmoja akapiga makofi. Nilikuwa nimetazamia kulia au kufurahi. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Niliketi nikisikiliza, na kitu kimoja tu kilikuwa kikizunguka kichwani mwangu: nilimwambia Pamela pampu iliharibika, na haikuwa imeharibika.

Alhamisi asubuhi Kimani aliliacha gari likinguruma juani saa nzima kulijaribu. Halikukohoa. Mama Njeri alinifungia viazi kwenye karatasi. Kimani alinisindikiza mpaka langoni, akainama dirishani.

"Unapitia Satellite?"

"Napitia."

"Unasimama ama unapita?"

Akagonga paa mara mbili, nikaondoka.

Nilisimama. Ilikuwa saa nne, dukani kulikuwa na mteja mmoja. Pamela aliinua kichwa aliposikia sauti ya injini, na nikaona uso wake ukibadilika kabla hajaniona mimi. Sauti hiyo alikuwa akiijua. Kwa sekunde moja alikuwa akimngoja mtu mwingine ashuke.

"Baba Nekesa," akasema.

"Shemeji. Naomba tuongee."

Alimhudumia mteja, akafunga nusu ya mlango, akanipa kiti. Yeye hakukaa. Nilimweleza yote ambayo Kimani alinionyesha. Pampu ilikuwa nzima. Ilikuwa joto tu.

"Umekuja kuniambia hiyo?" akauliza. "Miaka mitatu, unakuja na habari ya pampu?"

"Hapana. Nimekuja kukwambia lingine."

Na hapo nikamwambia lile ambalo sikuwa nimemwambia Nekesa, wala mchungaji, wala Kimani. Gari lilipozimika, Josefina alikuwa bado anaongea. Mkono ulikuwa kifuani, lakini aliongea vizuri. Nilifungua boneti. Magari yalikuwa yakipita kando yetu, polepole, karibu kiasi cha kuyagusa. Yoyote kati ya hayo ningeliweza kulisimamisha. Josefina alishusha kioo akaniambia, "Barasa, acha gari. Tafuta lingine." Nikamwambia, "Dakika moja tu." Baadaye akaniita tena kwa jina. Nikasema, "Dakika moja, nimekaribia." Mara ya tatu hakuniita. Mama mmoja asiyetujua aliegesha gari lake dogo akanipigia kelele, "Mzee, mke wako!" Ndiye aliyetufikisha hospitalini. Walinionyesha kiti nikae, na baada ya muda mfupi daktari akatoka.

"Nilikuwa nimeshika spana," nikamwambia Pamela. "Alikuwa ananiita, na mimi nilikuwa nimeshika spana."

Pamela alisimama akiangalia rafu zake za sabuni. Nje mtu aliuliza kama kuna unga, akangoja, akaenda.

"Aliongea," akasema mwishowe. "Mimi nilidhani alikufa bila kusema kitu. Nimekuwa nikiwaza alikuwa anataka kusema nini." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Kumbe alikuwa anasema, na wewe unasikia."

"Nilisikia."

"Sitakwambia nimekusamehe, Baba Nekesa. Siwezi kusema tu kwa sababu umekuja."

"Sikuja kuomba hilo."

"Nyamaza, sijamaliza." Alifungua droo, akatoa kufuli. "Nipeleke. Nataka kuona mahali."

Tuliondoka Satellite saa tano. Aliketi mbele, kwenye kiti cha mdogo wake, mkoba magotini. Naivasha Road ilikuwa imejaa, na Dagoretti Corner tulikwama kabisa, jua likiwa juu ya paa. Nilitazama geji ya joto ikipanda na mikono yangu ikalowa. Pamela aliona.

"Itazima?"

"Haitazima."

"Ikizima?"

"Ikizima tunashuka, tunaiacha hapo hapo."

Alinigeukia akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Kisha magari yakasogea. Injini haikukohoa hata mara moja.

Niliegesha karibu na kile kibanda cha miche. Nikamwonyesha: hapa palikuwa na boneti, hapa palikuwa na mlango wake. Pamela alisimama pale ukingoni mwa barabara, malori yakipita na kupeperusha leso yake. Hakuomba kwa sauti. Mama wa miche aliacha kumwagilia akauliza kama tunahitaji kitu. Pamela akamwambia, "Dada yangu aliugulia hapa." Yule mama akasema pole, akaingia kibandani akatoka na kigoda. Pamela akakaa. Nilisimama nyuma yake. Tulikaa hapo labda robo saa, na katika muda huo alisema sentensi moja tu: "Ni karibu sana na hospitali." Nikasema ndiyo.

Alikataa nimrudishe. Alisema atapanda gari la abiria, duka limefungwa, watu wanahitaji unga. Lakini kabla ya kuvuka barabara alirudi dirishani.

"Nekesa anajua?"

"Bado."

"Mwambie leo. Asije akasikia kutoka kwangu."

Nilifika Highrise saa saba. Nililirudisha gari mahali pake, bila turubai. Nekesa alikuwa amepika ugali na sukuma. Nikamwambia asipakue chakula kwanza, akae. Nilimsimulia kama nilivyomsimulia mama yake mkubwa, bila kupunguza. Alilia, kisha akakasirika, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Siku tatu aliniwekea chakula mezani bila kuongea nami. Siku ya nne aliketi, akaniuliza, "Mama alikuita kwa jina gani? Barasa, ama Baba Nekesa?" Nikamwambia Barasa. Akasema, "Basi aliogopa kweli. Siku zote alikuita Baba Nekesa." Ndipo tukaanza kuongea, na tumeendelea tangu hapo, siku nyingine vizuri, siku nyingine vibaya.

Pamela hajasema amenisamehe. Lakini Jumapili ya pili alipiga simu yangu mwenyewe, si ya Nekesa, kuuliza kama naweza kumbebea magunia mawili ya unga kutoka sokoni. Nilikwenda.

Mkiniuliza nilijifunza nini katika safari hiyo ya siku tatu, nitawaambia kwamba pampu ya umeme ni kitu kizuri, na mwenye gari la zamani asiwe na kiburi kama changu. Hilo ni la kwanza, na ni dogo. La pili mtaliona mkija karakana kwangu Laini Saba. Watu wanasema siku hizi mzee Barasa amekuwa mzito, kazi ya siku moja inachukua mbili. Ni kweli. Mtu yeyote akiniita, awe mteja, awe Nekesa kwenye simu, awe jirani anayetaka kuazima misumari, nazima mashine, naweka nilichoshika chini, nageuka. Namwangalia usoni, kisha ndipo naitika.